Wakwe Walionyoosha Mikono

Mpaka ulipitishwa mtoni kwa sababu mto ulionekana vizuri kwenye ramani. Hiyo ndiyo sababu, na hadi leo sijasikia nyingine. Ofisa wa wilaya alibandika ramani yake kwenye ubao wa darasa la tatu, akaburuta kidole juu ya mstari wa buluu, akatuambia kwamba ng'ambo ya shule itabaki kata ya mlimani, na sisi wa ng'ambo ya pili tutapiga kura na kata ya bondeni.

"Ni utaratibu tu, ndugu zangu," alisema. "Tumekuja kusikiliza maoni yenu."

Maoni yetu hayakuhitaji akili nyingi. Kituo cha kura cha mlimani kilikuwa hapo hapo shuleni, na mto wenyewe tuliuvuka kwa magogo kila tulipokwenda kuchuma iliki. Cha bondeni kilikuwa chini kabisa, barabarani, asubuhi nzima ya kushuka, na kupanda usiniulize. Mama yangu miguu ilishamwishia nguvu. Tangu tupate uhuru hakuwa amekosa kupiga kura hata mara moja, na sasa mstari wa buluu ulimwambia akae nyumbani.

Ofisa hakumuuliza mama. Alisema, "Wenye kaya wanaokubali, wanyooshe mikono," na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye madawati ya wanaume.

Kwetu Uluguru ardhi inafuata mama. Mwanamume akioa anakuja kulima shamba la ukoo wa mkewe, na hata azeekee hapo, bado ni mkwe tu. Wakwe wengi wa kitongoji chetu walitoka bondeni. Kwao kata mpya ilikuwa sawa na kurudi kwao: wangepiga kura na kaka zao, kisha wakae wanywe pombe ya dada zao. Mikono ikapanda. Wa mume wangu ulitangulia yote.

Nikasimama bila kuruhusiwa na mtu.

"Ndugu ofisa, umewauliza wageni."

"Mama, nahesabu wenye kaya."

"Basi umehesabu vibaya. Huyo aliyenyoosha mkono mbele yako ni mume wangu. Muulize shamba analolima ni la nani."

Mume wangu akatazama dari. Darasa zima likaangua kicheko, isipokuwa ofisa, ambaye alisema maoni yameshapokelewa. Hapo wanawake wote wa ng'ambo yetu wakasimama, tukanyoosha mikono, tukaikaza juu wakati anabandua ramani, anaikunja, anaitia kwenye mfuko wake. Hakututazama hata kidogo. Baadaye tukaletewa habari kwamba mpaka umebaki mtoni.

Wengine walisema basi, imekwisha. Mimi nilisema haijaanza.

Siku ya uchaguzi ilipokaribia, nilimwekea mume wangu chakula, nikasubiri ameze tonge la kwanza.

"Ulinyoosha mkono mama aende bondeni," nikamwambia. "Basi mpeleke."

Alifikiri natania. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Anamsalimu kwa mbali, macho chini, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia porini ampishe. Kumbeba! Alinibembeleza, akasema heri atafute mtu wa kumlipa. Nilikataa katakata. Nyumba za jirani nazo ziliwaka moto wa namna hiyo hiyo, maana wanawake tulishapatana.

Asubuhi ile wakwe walishuka mlima na machela za mianzi, kila mmoja akisaidiwa na shemeji yake, na juu ya machela wamekaa mama zetu wenye miguu mibovu, wamejifunga kanga zao nzuri. Mama yangu alijua adabu inamtaka anyamaze. Hakunyamaza.

"Taratibu, mkwe wangu. Jiwe hilo."

Mume wangu alitokwa jasho hata kwenye kivuli cha migomba. Tulipofika barabarani kaka zake walikuwa wamekwisha panga foleni. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Karani wa kituo akamwonea mama huruma, au ndivyo alivyodhani.

"Bibi, ungepumzika tu nyumbani. Kura moja haibadilishi kitu."

"Nishusheni," mama alisema. Akaingia na fimbo yake, akachagua kati ya jembe na nyumba, alama za wagombea wawili, na alichochagua hakumwambia mtu hadi anaingia kaburini. Kisha akaketi tena kwenye machela yake. Kupanda kulichukua hadi jua linazama, na sikumwonea mume wangu huruma hata kidogo.

Kabla ya uchaguzi uliofuata wilaya ilituma tena watu wa mipaka. Ofisa alikuwa mwingine, ramani ile ile, darasa lile lile. Mama alikaa mbele, kwenye dawati la mtoto.

"Wenye kaya wanaokubali mpaka ubaki ulipo, wanyooshe mikono."

Hakuna mkono uliopanda. Ofisa akarudia, kwa sauti kubwa, kama anayesema na viziwi. Mume wangu akainuka, akakohoa.

"Ndugu ofisa, mimi hapa ni mkwe. Muulize mama."

Ofisa akageuka, kwa mara ya kwanza, kuelekea upande wetu. Mama akanyoosha fimbo yake hadi ikagusa mstari wa buluu.

"Toa mpaka wako hapa," alisema, "halafu ndiyo tuanze kuzungumza."