Karani aliyeufuta ushindi wake mwenyewe

Saa mbili na dakika tano asubuhi, Lorna Thibault anaandika jina la mbwa. Mbwa mwenyewe, Pickle, amejilaza chini ya kaunta ya ofisi ya mji wa Harlow Notch, milimani Vermont, Marekani. Mwenye mbwa anatafuta cheti cha chanjo, mfuko baada ya mfuko.

“Umechelewa mwezi mzima,” Lorna anamwambia bila kuinua kichwa. “Leseni za mbwa mwisho wake tarehe mosi Aprili.”

“Matope, Lorna. Gari lilizama mpaka milangoni.”

“Mbwa wako ana miguu minne. Ungemtuma yeye.”

Cheti kinapatikana, muhuri unagongwa, Pickle anaondoka akiwa raia halali. Ni siku ya kawaida kwa mama huyu wa miaka 63, mjane, ambaye ni karani wa mji kwa mwaka wa ishirini na mbili. Anaandikisha mbwa, ndoa, vizazi, vifo, mashamba na leseni za kuvulia samaki. Yeye ndiye anayetunza daftari la wapiga kura, na kila Machi yeye mwenyewe anaomba kura ili aendelee kulitunza. Mshahara wake ni dola 21,600 kwa mwaka, na theluji ya mlangoni anajizolea mwenyewe.

“Huko Washington wanagombana kwenye televisheni,” anasema. “Sisi huku tunagombana ana kwa ana, halafu tunakula pamoja mchana. Ukimtukana mtu asubuhi, ujue saa sita ndiye atakayekupakulia maharage.”

Anazungumzia mkutano wa mji. Kila Jumanne ya kwanza ya Machi wapiga kura wa Harlow Notch hukusanyika ukumbini na kuamua mambo yao wenyewe, kuanzia bei ya changarawe hadi mshahara wa mwalimu. Hakuna diwani wa kuwasemea. Mwandishi wa makala haya amehudhuria mikutano kumi na mmoja ya namna hiyo, na mgongo bado unamuuma akikumbuka vile viti vya chuma.

Mwaka huu ajenda nzito ilikuwa moja: shule ya msingi ya mji ifungwe au ibaki? Ina watoto 38. Ikifungwa, mwenye nyumba ya kawaida atapunguziwa kodi dola 310 kwa mwaka, na watoto watapanda basi dakika arobaini kwenda mji wa jirani, theluji iwepo isiwepo. Mmoja wa watoto hao ni mjukuu wa Lorna, Odile, wa darasa la pili.

Kura zilipohesabiwa, watu 131 walitaka shule ibaki, 125 walitaka ifungwe. Tofauti ya kura sita. Siku hiyo hiyo Lorna alichaguliwa tena kuwa karani. Alirudi nyumbani, anasema, akiimba ndani ya gari, naye sauti hana.

Siku tatu baadaye alikwenda kumlisha paka.

Hapo pana maelezo kidogo. Sheria inataka tangazo la mkutano libandikwe mahali patatu pa wazi, siku thelathini kabla. Harlow Notch mahali hapo patatu hapajabadilika tangu Lorna aanze kazi: mlango wa ofisi ya mji, posta, na ubao wa ndani ya duka la Bea Kittredge, kando ya mashine ya kahawa. Lakini Bea alifunga duka mwanzoni mwa Januari akahamia kwa binti yake Florida. Alichoacha ni paka mmoja mzee aitwaye Gavana, aliyekataa kata kata kuhama, na ufunguo kwa Lorna ili amlishe mpaka duka lipate mnunuzi.

“Mwisho wa Januari niliingia na bakuli la Gavana mkono huu, na tangazo mkono huu,” Lorna anaeleza. “Nikamwekea chakula. Nikabandika tangazo ubaoni, pini nne, limenyooka. Nikafunga mlango na ufunguo. Halafu nikaenda ofisini nikatia sahihi kiapo kwamba nimebandika mahali patatu pa wazi.”

Ijumaa ile ya Machi alikwenda kumlisha Gavana na kulibandua. Alilitazama tangazo, akautazama mlango aliokuwa ameufungua sekunde chache kabla kwa ufunguo wake mwenyewe, akaketi juu ya gunia la chakula cha kuku.

“Kwa siku thelathini na tano aliyelisoma ni paka,” anasema. “Nilijua pale pale. Mkutano haukuwa halali. Shule, bajeti, uchaguzi wangu, vyote.”

Hakuna aliyekuwa amelalamika. Hakuna aliyejua. Karatasi ile ingetosha kuwashia jiko, na mambo yangeishia hapo. Mwandishi alimuuliza kama hakushawishika, naye hakujifanya mtakatifu.

“Nilishawishika sana. Niliikunja nikaitia mfukoni. Nikaenda mpaka garini. Nikamwona Odile mbele ya macho yangu anasimama barabarani saa kumi na mbili asubuhi, Januari, anangoja basi. Nililia, sikufichi.”

Kilichomrudisha, anasema, ni Everett Goss. Everett ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ana miaka 64, amesoma darasa moja na Lorna katika shule ile ile, na ndiye aliyeongoza upande wa kuifunga. Miaka saba iliyopita alileta ofisini ombi la wapiga kura kuhusu daraja la shambani kwake. Sahihi zilipungua mbili. Lorna alilikataa, na Everett alizungukia daraja jingine miaka miwili.

“Mkuki kwa nguruwe mtamu,” Lorna anasema. “Yeye nilimnyima kwa sababu ya sahihi mbili. Mimi nijisamehe ubao mzima?”

Mchana ule ule aliwapigia simu wajumbe watatu wa kamati inayoendesha mji kati ya mkutano na mkutano, mmoja baada ya mwingine. Mwanasheria wa mji alithibitisha: mkutano urudiwe wote, na tangazo libandikwe upya. Safari hii mahali pa tatu palikuwa ukuta wa nje wa kituo cha zimamoto, na Lorna alikwenda na shahidi.

Habari zilienea kabla ya chakula cha jioni. Kilichomuuma zaidi kilitoka kwa shoga yake wa miaka mingi, Yvonne Desrochers, mpishi wa shule kwa miaka kumi na minne, ambaye shule ikifungwa kazi yake inakwenda nayo. Yvonne anayakumbuka maneno yao neno kwa neno, na anayarudia bila haya huku akikuna karoti jikoni kwake shuleni.

“Nilimwambia, ungenyamaza tu. Nani alijua? Akasema, mimi. Nikamwambia, wewe na paka. Akasema, paka hapigi kura.” Yvonne anatikisa kichwa. “Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Umpige? Nilimkatia simu wiki tatu.”

Mkutano wa pili ulifanyika Aprili, katikati ya msimu wa matope, theluji ikiyeyuka. Walikuja watu 307, wengi kuliko Machi. Lorna ndiye aliyesimama mbele na kueleza kosa lake, dakika mbili, bila kumtaja Bea wala kulaumu uzee. Kisha kura zikapigwa kwa karatasi, zikatumbukizwa katika sanduku la mbao analolitunza karani, zikahesabiwa mara mbili.

Ibaki, 149. Ifungwe, 158.

Yeye ndiye aliyeyasoma matokeo hayo kwa sauti, maana ndiyo kazi yake, na ndiye aliyeyaandika katika kitabu cha mji kwa wino mweusi. Dakika ishirini baadaye watu wale wale wakamrudisha kwenye ukarani kwa kura 289. Ukitaka kuelewa mji huu, zitazame hesabu hizo mbili kwa pamoja: walimnyima shule na wakamkabidhi sanduku, na hawakuona ajabu.

Lakini Lorna anazijua sheria za mji kuliko anavyozijua njia za shambani kwa baba yake. Asilimia tano ya wapiga kura wakitia sahihi ndani ya siku thelathini baada ya mkutano, jambo linarudishwa kupigiwa kura mara moja tu, na hiyo ndiyo ya mwisho. Mji una wapiga kura 640. Zinatakiwa sahihi 32, na siku ya mwisho ni kesho.

Saa sita kamili anatundika kibao cha “Nimetoka”, anavaa koti, na kuvuka barabara. Hakusanyi sahihi ndani ya ofisi wala kwenye ngazi zake. Anasimama ng'ambo, mbele ya posta, na mkate wake wa jibini mfukoni. Zitakazopatikana zitahakikiwa na msaidizi wake. Yeye mwenyewe hatazigusa.

“Ndani mimi ni karani,” anasema. “Huku mimi ni bibi wa Odile.”

Asubuhi alikuwa na sahihi 27. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anatia sahihi, kisha dereva wa gari la kuzolea theluji, kisha ndugu wawili waliokuja kuchukua barua. Thelathini na moja. Anakuja mzee mmoja mchangamfu mwenye nyumba ya kiangazi kando ya ziwa, anatia sahihi kwa mbwembwe na kumpongeza kwa ujasiri.

“Asante sana, mzee,” Lorna anamjibu, na hapo hapo anachora mstari juu ya jina lake. “Wewe unapiga kura Connecticut.”

“Lakini kodi nalipa hapa.”

“Na maji unakoga hapa. Jina lako halimo daftarini.”

Yvonne ametoka jikoni na aproni yake kumletea Lorna supu. Yeye alikuwa wa kwanza kutia sahihi, kwa ajili ya shule, anasisitiza, si kwa ajili ya mtu. Akiona mstari ule uliochorwa anashika kiuno.

“Lorna! Imebaki moja, na wewe unafuta?”

“Haikuwapo, shoga. Nimefuta nini?”

Inapofika saa saba kasoro dakika kumi, lori la maziwa linasimama na Everett Goss anateremka, na buti za zizini. Anakwenda posta, anatoka na bahasha zake, anasimama mbele ya Lorna akiisoma karatasi kana kwamba ni hati ya shamba.

“Ngapi?” anauliza.

“Thelathini na moja.”

“Nilipokuletea langu zilipungua mbili.”

“Nakumbuka. Ulinitukana mpaka kwenye maegesho.”

“Ulistahili.” Everett ananyoosha mkono. “Lete kalamu.”

Yvonne anamtazama Lorna, Lorna anamtazama Everett. Kalamu anapewa, lakini kabla ya kuandika Everett anasema.

“Zile kura tisa nilizipata kwa sababu wewe ulifungua mdomo. Ungenyamaza, ningekuwa nimeshindwa mpaka leo na nisijue kwamba kura ile ni batili. Sitaki ushindi wa sahihi moja iliyopungua. Njooni Juni, nitawashinda tena mchana kweupe.”

Anatia sahihi, anaandika anwani yake kwa herufi kubwa, anarudi kwenye lori. Yvonne anaifuta pua kwa ncha ya aproni na kusema supu inapoa.

Lorna anaikunja karatasi, anaitia ndani ya bahasha, anaifunga. Mwandishi anamuuliza kama haogopi kushindwa mara ya mwisho, isiyo na rufaa.

“Watu 333 hawakuja Aprili,” anajibu. “Majina yao ninayo. Nyumba zao nazijua, mbwa wao nawajua. Kila Jumamosi kuanzia keshokutwa nitabisha hodi milango hamsini, mpaka niimalize yote.”

Na wakifungua, atawaambia nini?

“Siku za kazi mtu akiniuliza, namwambia tarehe, saa na ukumbi, basi.” Anatazama saa, imebaki dakika moja kufungua ofisi, na tayari anavuka barabara. “Jumamosi nitawaomba kura.”