Bibi Alipoupepea Mvinje

Juzi mjukuu wangu alinikokota hadi duka moja la Madinat Sultan Qaboos kununua rangi za kuchorea, na mlangoni tukakuta wamepanga miti ya Krismasi. Ya plastiki, bila shaka, imekunjuliwa kutoka kwenye maboksi yake, mmoja mweupe kabisa kana kwamba umepakwa chokaa. Wazungu wa mtaa ule ndio wateja. Mjukuu wangu akasimama kutazama taa zinavyowaka na kuzima. Mimi, mtu mzima na miwani yangu, nikainama nikaupuliza ule wa kijani. Nikapuliza tena. Kijana wa dukani akaniuliza kwa heshima kama nahitaji msaada.

Ngoja nikueleze, mwenzangu, usije ukadhani akili imeniruka. Nimewahi kuuona mti wa Krismasi wa kweli ukichaguliwa shambani na kukatwa kwa msumeno, hapa hapa Maskati, zama ambazo barabara ya lami ilikuwa habari ya nchi za watu. Ulikuwa mti wa bibi yangu. Na bibi yangu, kwa taarifa yako, hakuwa akikosa sala hata moja.

Tulipoondoka Unguja mwaka ule wa sitini na nne, kila mtu alibeba alichoweza. Bibi alibeba matunda makavu ya mvinje, yale madogo yenye vitundu ambayo watoto huyachezea ufukweni, kayafunga kwenye fundo la kanga. Mivinje ilikuwa imepangana nyuma ya nyumba yake, kati ya ua na bahari, na upepo ukipita ilikuwa ikivuma usiku kucha. Hakuwahi kulala bila sauti ile tangu alipoolewa. Baba alimuuliza kwa nini hakuchukua angalau sufuria, naye akajibu kwamba sufuria hata Arabuni zipo.

Sisi tulikaa Matrah, karibu na duka la baba sokoni. Bibi alikwenda kukaa kwa ami, mtoto wake mkubwa, aliyetangulia kuja miaka mingi na kupata shamba Al Khoudh. Usiifikirie Al Khoudh ya leo, yenye chuo kikuu na mabasi ya wanafunzi. Ilikuwa mitende, milimau, mbuzi, na falaj, yaani mfereji wa maji ambao kila mwenye shamba anangojea zamu yake. Wakati wa baridi tulipelekwa kule, na mpaka leo nikisikia harufu ya malimau yanayokaushwa juani naona njaa, kwa sababu ilichanganyika na harufu ya mkate wa ufuta wa bibi. Kazi yetu watoto ilikuwa kugeuza yale malimau, upande huu na upande ule, huku tukifukuza mbuzi waliotaka kuyaonja na wakayatema kila mara.

Mbegu za bibi zilitoa mche mmoja tu. Aliupanda nyuma ya chumba chake, na hapo ndipo vita vyake na ami vilipoanza, kwani ami hakuwa tayari kutoa hata kata moja ya maji ya falaj kwa mti usiozaa. Bibi hakubishana. Alihamishia udhu wake pale. Kutwa mara tano alikaa juu ya jiwe akatawadha, na maji yote yakateremka shinani. Na ni nani atakayemkataza mama yake kutawadha? Mvinje ukapanda kwa kasi, ukanipita mimi, ukampita ami, na siku moja upepo ukavuma na mti ukatoa ile sauti. Bibi alitoka nje na mikono yake ina unga. Alikaa pale mpaka mkate ukaungua, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Sasa nikupeleke kwa nesi. Mama alipokuwa anamzaa mdogo wangu wa mwisho, uchungu ulimshika siku mbili na mtoto hatoki. Akapelekwa hospitali ya wageni pale Matrah, ambapo kulikuwa na nesi wa Kizungu, mrefu, mwenye mikono mikubwa na Kiarabu cha kuokoteza. Nesi yule hakukaa wala hakula mpaka mama alipojifungua, na mtoto alipotoka kimya, yeye ndiye aliyempulizia pumzi mpaka akalia. Bibi, aliyekuja kutoka shamba kumuuguza, alikuwa mlangoni na aliyaona yote. Tangu siku ile alikuwa na deni la fadhila na hakuwa mtu wa kukaa na deni.

Alipeleka halwa, nesi akashukuru. Alipeleka kitambaa, nesi akashukuru. Bibi aliona havitoshi. Mpaka siku moja, nesi akiwa kaja kumpima mtoto, alisimulia kwamba nyumbani kwao, kila ikikaribia sikukuu yao, baba yake alikuwa akiwachukua watoto hadi shamba la miti. Kila mwaka mtoto mmoja huchagua mti, baba anaukata, wanauburura nyumbani kwenye theluji na kuupamba. Hapa kwenu, akasema, sijauona mti mbichi wa sikukuu tangu nilipofika. Mama akatafsiri. Bibi akachangamka.

"Mwambie mti upo," akasema. "Aje shamba achague kwa macho yake. Siku yao ni yao, na shukrani yangu ni yangu."

Mwaka ule Idi yetu ilitangulia siku chache tu, kwa hiyo nyumba ya ami ilikuwa bado inanukia udi na mahamri. Nesi alikuja na Landrova ya hospitali, akiwa amevaa viatu vya kiume, na mama na mtoto na mimi tukiwa nyuma tumerushwarushwa mpaka tumbo linauma. Bibi alikuwa amepanga kila kitu. Mpakani mwa shamba ami alikuwa na safu ya miti ya athil, ile yenye majani membamba kama nywele, iliyokinga milimau dhidi ya mchanga. Ami alikuwa ameridhia mmoja utoke, na akajichagulia mwenyewe upi, uliopinda kidogo na ambao hakuupenda. Mgeni apelekwe pale, ausifu, akatiwe, arudi salama.

Lazima ujue kwamba kwa bibi kusifu si jambo la mchezo. Mgeni akiingia kwako akasifu kitu, kimeshakuwa chake. Utamfungia aende nacho. Ndiyo maana sisi watoto tukienda nyumba za watu tulionywa tusisifu hata bakuli. Nesi hakuonywa. Na bibi, katika hesabu zake zote, alisahau kwamba njia ya kwenda kwenye athil inapita nyuma ya chumba chake. Hakuuwazia mvinje wake, kwa kuwa kwake yeye ule haukuwa mti wa kukatwa.

Nesi alipokata kona akauona, alisimama. Mvinje ulikuwa umenyooka, majani yake yanacheza. Akapiga makofi kama mtoto. "Hatha!" akasema kwa Kiarabu chake, huu! "Hilwa! Hilwa!" mzuri, mzuri! Akauzunguka, akaushika, akausifu mara ya tatu.

Nilimwangalia bibi. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na hiyo ndiyo sababu nampa heshima mpaka kesho. Alisema neno moja tu, la Kiarabu cha watu wa hapa. "Lish." Wako.

Ami aliyekuwa na msumeno mkononi aliona kama anaota. "Mama, mti huu umetoka nao Unguja."

"Nnajua nlikotoka nao. Mgeni kashasifu. Leta msumeno."

Bibi akaweka kiganja chake kwenye shina, akasoma Bismillahi, akasogea pembeni. Nesi hakuwa mjinga. Aliona ile mikono miwili ya bibi ilivyofumbatana, akamgeukia mama na kumuuliza mti huu una nini. Mama alibabaika kati ya kumuaibisha mkwewe na kusema uongo, mwisho akasema maneno mawili: kutoka Zanzibar. Nesi akauchukua msumeno kwa ami, akauweka chini. La, la, la, akatikisa kichwa, nipeni ule mwingine.

Hapo bibi akakasirika kweli. "Kwani mti wangu una kasoro gani?"

Basi ikawa kazi. Mwenye mti hawezi kuurudisha mkononi, aliyepewa hawezi kuupokea. Kahawa ikaletwa, ikapoa. Ami alikohoa. Mtoto aliyekuwa chanzo cha yote alikuwa amelala begani kwa mama, mdomo wazi, hana habari.

Kisha nesi akapiga magoti, akalala kabisa ubavu kwenye mchanga na gauni lake, akachungulia matawi ya chini. Alipoinuka alizungumza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno, na mama akawa anaunganisha. Kwao, baba yake hakati mti shinani. Anakata juu, anaacha matawi ya chini yaliyo hai. Mwaka unaofuata tawi moja linajiinua, linashika nafasi ya kichwa, na mti unakuwa mti tena.

Ami alicheka kwa uchungu. Fikiria, hawa ni watu wa mitende na minazi. Mtende ukiukata kichwa umekufa, mnazi ukiukata kichwa umekufa, na hakuna duniani mtu wa Unguja wala wa Al Khoudh asiyelijua hilo. Alisahau kabisa milimau yake mwenyewe aliyokuwa akiipogoa kila mwaka. Bibi naye hakuamini hata chembe. Lakini aliona kwamba nesi amempa njia ya kutoa bila wote wawili kuvunjiana heshima, akaikubali.

"Akate anavyojua," akasema. "Mimi nlimpa wote. Huyu kanipa mjukuu."

Nesi akakata mwenyewe, juu ya matawi ya chini, taratibu, kama anavyoshona kidonda. Kilichobaki kilinifika kiunoni. Kilikuwa kibaya kukitazama. Usiku ule bibi alilala chumbani kwake bila sauti yoyote, na asubuhi alitawadha palepale juu ya jiwe, akamwagia kile kisiki maji kama kawaida.

Siku mbili baadaye alitaka kwenda Matrah kuuona mti wake. Tukaenda tumevaa nguo zetu za Idi. Ulikuwa umesimamishwa kwenye ukumbi wa hospitali ndani ya debe la samli lililojazwa mchanga, umewekwa pamba za dawa kuwa ndiyo theluji, na nyota zilizokatwa kwenye makopo ya maziwa. Wagonjwa walikaa kuutazama, mmoja na mguu wake umefungwa, mwingine na mtoto anyonyaye. Bibi alisimama mbele yake muda mrefu. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya baridi. Akatoa kipepeo chake cha ukindu chini ya buibui, akaanza kuupepea.

Watu wakatazamana. Bibi hakujali, alipepea kwa nguvu, na baada ya kitambo mvinje ukavuma. Kidogo tu, lakini ukavuma. Nesi akatoka chumbani, akasikiliza, akaelewa, akaenda kuchukua kipepeo cha mgonjwa mmoja na kusimama upande wa pili. Wanawake wawili wasio na lugha ya pamoja, wanaupepea mti ulio ndani ya debe la samli. Mama alilia wazi wazi. Mimi nilicheka, kwa sababu sikuwahi kumuona bibi akiwa na furaha namna ile tangu tuliposhuka chombo.

Baridi ikapita, kisiki kiko vilevile, na ami akawa anazunguka njia nyingine asikione, maana alimhurumia mama yake. Halafu joto lilipoanza kukaza, tawi moja lililokuwa limelala upande wa qibla likaanza kupinda kuelekea juu. Likafuatwa na jingine. Bibi hakumwita mtu. Alingoja ami alione mwenyewe, naye alipoliona aliinama akaligusa, akasema, "Ajabu!" Kuanzia zamu iliyofuata alifungulia mvinje maji ya falaj bila kuambiwa. Bibi akamtuma mwenye ngamia wa malimau apitie hospitali Matrah na ujumbe mfupi: mwambieni nesi, umeamka.

Nesi alikuja tena sikukuu iliyofuata, akachukua tawi moja kati ya yale mawili, akaacha jingine. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Alirudi kwao, nasi tukaingia kwenye zama nyingine kabisa, za barabara na shule na kazi serikalini. Bibi alifariki chumbani mwake, mvinje ukivuma dirishani, na hilo ni jambo ninalomshukuru Mungu kila nikilikumbuka. Baadaye falaj ikakauka, shamba likagawanywa viwanja, na mvinje ukaondoka siku walipochimba msingi wa ukuta. Jengo lililopo sasa ni zuri, sina neno nalo. Nimewahi kusimamisha gari pale na kufungua dirisha. Nilisikia viyoyozi.

Basi ndiyo maana niliupuliza ule mti wa dukani. Haukutoa kitu. Mjukuu wangu alipomaliza kuchagua rangi zake, nilikaa kwenye benchi nje nikampigia simu mdogo wangu, yule aliyepuliziwa pumzi. Ana mvi sasa, amestaafu, na ana ile sauti nzito ya mtu aliyekatizwa usingizi wa mchana.

"Dada, kuna nini? Salama?"

"Salama," nikamwambia. "Endelea kusema. Nlitaka kusikia sauti tu."