Nywele za Kwenye Bakuli

Ijumaa asubuhi Keziah Thorley alifunua bakuli lake la nywele, akalikuta tupu. Tena.

Siku zile za Malkia Victoria kila mwanamke wa mji wa Kidderminster, Uingereza, mwenye kioo alikuwa na bakuli kama lile, la udongo mweupe, mfuniko wake una tundu la kupita kidole. Ukimaliza kuchana, nywele zilizobaki kwenye brashi unaziviringisha na kuzitumbukiza humo. Zikijaa unazishona ndani ya kifuko, unakificha chini ya fundo la nywele kichwani ili lionekane nene. Mwanamke mwenye nywele haba hata kanisani alikaa nyuma.

Za Keziah zilifika magotini, na ndizo zilizompa kazi. Kila Jumamosi, siku ya soko, alikaa kwenye dirisha la duka la dawa la bwana Pargeter, mgongo umeelekea barabarani, nywele kazimwaga mpaka sakafuni, na kando yake chupa za dawa ya kukuza nywele zimepangwa safu kwa safu. Yeye mwenyewe hajawahi kuipaka hata tone. Lakini mumewe, Enoch, alikuwa ameumia mkono kwenye kiwanda cha mazulia, na dirisha lile ndilo lililowalisha.

Sasa binti yao Letty alikuwa na miezi minne, na nywele za mama yake zikaanza kutoka. Zilibaki kwenye brashi, kwenye mto, kwenye kiganja cha mtoto akinyonya. Keziah alizificha zote bakulini asijue mtu. Na kumbe kuna mtu anazichukua.

Enoch hata soksi zake hakujua zilipo. Akabaki mama mkwe waliyeishi naye, Bibi Tabitha.

Na kwa nani angezipeleka, kama si kwa Bi. Plimmer? Huyo alikuwa muuza kofia na nywele za bandia, duka lake likitazamana na la Pargeter. Alikuwa anatangaza mji mzima kwamba nywele za dirishani ni za kununua. Pargeter naye, kwa hasira, akabandika tangazo: Jumamosi hii, anayebisha aje avute mwenyewe. Keziah hakuogopa kuvutwa. Aliogopa Plimmer asimame mlangoni na furushi la nywele mkononi, aseme, tazameni, huyu anayetangaza dawa mwenyewe anapukutika nywele. Hapo dirisha limekwisha, na mkate nao.

Tena Jumatano alimwona mama mkwe kwa macho yake akitoka kwa Plimmer, kitu kakibana chini ya shali.

"Mama, juzi ulikwenda kwa Bi. Plimmer?"

Bibi Tabitha alikuwa kampakata Letty, anamfuta mate. "Nani kakwambia?"

"Macho yangu."

"Basi yaambie macho yako nilikwenda kununua uzi."

"Uzi hatuna humu ndani?"

"Wa hariri hatuna. Unanihoji kama polisi, na chai yako inapoa."

Chai ilikuwa inapoa kweli. Keziah akainywa huku anamtazama. Bibi alivaa kofia nyeupe ya kitambaa, kamba kaifunga chini ya kidevu, kama siku zote. Tangu Keziah aolewe hajawahi kumwona bila kofia ile, hata akilala. Mtu anayeficha kichwa hivyo, anaficha na nini kingine?

Mchana bibi alipotoka kwenda bombani, Keziah akambeba Letty kiunoni, akaingia chumbani kwa bibi. Chini ya mto kulikuwa na kitambaa. Akakifungua. Nywele zake! Zilikuwa zimechambuliwa moja moja, mizizi upande mmoja na ncha upande mmoja, zimeshonewa kwenye utepe kwa uzi wa hariri, laini kama zimetoka kuchanwa.

"Ukimaliza kupekua, rudisha mto ulivyokuwa."

Bibi alikuwa mlangoni na ndoo yake.

"Unampelekea Plimmer hizi?"

"Plimmer! Yule simpi hata mba." Akatua ndoo, akafungua kamba, akavua kofia. Kichwa kilikuwa kitupu kama kisigino cha Letty, vinywele vichache tu juu ya masikio. "Homa ya zamani ilizimaliza. Marehemu baba Enoch alijua, akafa na siri hiyo moyoni. Sasa mimi nikifa, kina mama wa kanisani watakuja kuniosha. Watanivua kofia, watashika kitana. Watachana nini, Keziah? Nataka wakute kitu cha kuchana."

"Ungeniomba, mama."

"Ungenipa?"

Keziah alimhamisha Letty upande wa pili wa kiuno. "Zinanitoka sana," alisema.

"Najua. Zitarudi. Zangu zilirudi baada ya kumzaa Enoch; homa ilikuja baadaye."

Hata hivyo Keziah alitoka chumbani mle hajaamini yote.

Jumamosi Bi. Plimmer akaingia dukani kwa Pargeter na kundi la wanawake nyuma yake. Keziah akamtazama mikono kwanza. Mitupu. Kwa hiyo bibi alisema kweli.

"Vuta, mama, vuta, usiogope," Pargeter akachekelea.

Plimmer alizizungusha ngumini, akavuta. Machozi yakamtoka Keziah. Plimmer alipofungua ngumi, shungi zima lilining'inia, na vimizizi vyake vyeupe.

"Mh! Za kweli," mtu akasema. Plimmer akanywea.

Pargeter akainua mikono. "Mmeona? Mmeona?"

"Za kweli, sawa," alisema mwanamke mmoja aliyembeba mtoto mchanga ndani ya shali. "Ila mbona zinatoka? Una mtoto, dada?"

"Wa miezi minne."

"Kama mimi. Na mimi nimemaliza chupa tatu za huyu bwana, tazama." Akavua kofia. Utosi ulikuwa unaonekana. "Niambie wewe. Unaipaka?"

Wote wakamgeukia. Pargeter naye alikuwa anamtazama, kicheko kimemkaukia usoni. Neno moja tu la ndiyo, na wiki ijayo angekaa tena dirishani. Yule mtoto akakohoa ndani ya shali.

"Sijawahi kuipaka," Keziah alisema.

"Chukua vitu vyako utoke," Pargeter akamwambia.

Alifunga nywele, kisha akamnyooshea Plimmer mkono. "Nipe hizo. Ni zangu."

Plimmer alimpa polepole, macho yakimpanda na kumshuka mgongoni, kama mtu anayepima kitambaa. "Siku ukitaka kuzikata zote, mpenzi, njoo kwangu."

Nyumbani bibi alikuwa anamenya viazi.

"Umerudi mapema."

"Nimefukuzwa. Waliniuliza kama naipaka, nikawaambia."

Kisu kikasimama, kisha kikaendelea. "Basi leo viazi bila siagi."

Keziah akamwekea lile shungi mapajani. "Ongeza na hizi."

Bibi alifuta mikono kwenye aproni, akalipeleka kwenye mwanga, akaligeuza huku na huku, akalinusa.

"Plimmer kazishika?"

"Kazishika."

"Tia maji jikoni yachemke, tuzioshe," bibi akasema. "Yule mwanamke simwamini."