Siku Tuliyopangwa Madaraja

Mtaani kwetu Bwaise kila mtu alijijua yeye ni nani, mpaka kamati ilipokuja kutuambia. Shirika fulani lilitaka kumlipia karo ya sekondari mtoto mmoja kutoka kila nyumba ya daraja la mwisho. Kamati ya mtaa ikapewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba na kutupanga: wenye nacho, wenye nafuu, na mafukara. Mimi nilikuwa nimemaliza la saba, nimefaulu, na baba alishafariki. Nikasema moyoni, haya, safari hii umaskini wetu utatufaa.

Jamani, mngeona watu walivyoukimbilia ufukara! Mwenye duka la vyuma alihamishia friji yake kwa shemeji huko Kyebando, akavaa shati la kulimia. Mzee mwenye vyumba vya kupangisha aliamka anakohoa. Hata mke wa mwenyekiti alianua mapazia.

Mama yangu akafanya kinyume. Kwao ni Waislamu wa zamani, wajukuu wa wafanyabiashara wa pwani, na mgeni wao haingii ndani akatoka na koo kavu. Akaazima viti vyote na vikombe vya maua kwa jirani yetu Mkongo, mama mshonaji, na pazia la kufunika alama ya mafuriko ukutani. Akakaanga sambusa za nyama. Nyama! Sisi tulioionja Idi hadi Idi. Nikamsihi aiache nyumba ilivyo. Akasema wageni wake hawatakalia ndoo.

Wanakamati wakaja, wakala, wakaongezewa, wakafuta midomo na kumsifu Mama kwa mapishi. Kisha wakavuka kwa Mkongo. Ndani tupu, hakuna hata kigoda, mwenyewe kasimama na cherehani yake. Nikamsikia mmoja akisema "bambi," kwa ile huruma ya mtu aliyeshiba.

Jioni matokeo yakasomwa uwanjani. Sisi tulikuwa wenye nafuu. Mkongo alikuwa fukara, na mwanawe akapata karo. Simlaumu, alistahili kama sisi tu, na alimshika Mama mkono akilia, akaiomba kamati ituweke nasi. Wakamwambia daraja likishatolewa limetolewa. Mwenye duka la vyuma naye alikuwa fukara, tena alipigiwa makofi.

Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira. Mama alikuwa akiosha vikombe vya watu avirudishe. Akaniuliza bila kunitazama, "Mwanangu, ulitaka watukute tulivyo, halafu watutangaze mbele ya mtaa mzima kwamba sisi ndio wa chini kabisa?"

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Nilitaka hivyo."

Akavibeba vikombe, akavirudisha kwa Mkongo. Muhula ulipofunguliwa nilikuwa kando ya barabara ya Bombo nauza nyanya, na Mama, kila akienda sokoni, alipitia njia ya nyuma ili asinione.