Tairi Zilizoombewa Haziendi Tseikuru

Ni saa tatu asubuhi, Jumamosi, mjini Wote, na sebuleni kwa Kalunde Muindi mgeni hana pa kuketi. Tairi nne zimekalia nafasi yote, mbili zikiegemea kabati la vyombo na mbili zikiwa zimelala mbele ya kochi. Kila moja imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile ambacho nyumba nyingine hufunikia viti.

Kalunde anainama, anafunua tairi moja na kuipangusa vumbi kwa ncha ya leso yake.

"Karibu, kalia hiyo," anamwambia mwandishi, akionyesha iliyolala. "Ni ngumu kidogo lakini haiwezi vunjika. Si kama zile zingine."

Zile zingine ziko nje, kwenye gari. Ndizo zilizomfanya mama huyu wa miaka arobaini na mmoja, dereva asiyekuwa na maneno mengi, apandishe sauti mbele ya kamati ya kanisa lake hadi akaambiwa atoke nje apoe.

Hakupoa. Na ukisikia kisa chenyewe, huenda nawe usipoe.

Kalunde huendesha gari la kliniki la kanisa hilo. Ni Hiace ya zamani inayovuta kwa magurudumu yote manne. Mafundi waling'oa viti vyake wakaweka vitanda viwili vya kukunja, jiko la gesi, sinki, tangi la maji na kabati la dawa. Yeye na nesi Waithera, binti wa wafanyabiashara waliohamia Emali kutoka Murang'a, hupika na kulala humo safari zikiwa ndefu. Watoto wa Kanyangi huliita nyumba yenye honi.

Kila mwezi gari hilo hupanda milima ya Mbooni, husimama soko la Kanyangi, kisha huelekea Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui. Hata Tseikuru kwenyewe si mwisho. Mbele yake kuna mto wa mchanga, na ng'ambo ya mto wanaishi wafugaji ambao hawana zahanati wala nesi isipokuwa huyu anayefika kwa gari hili. Kalunde hulipwa Sh18,000 kwa mwezi, na karibu nusu ya mwezi huo halali kwake.

"Mbooni ni mawe na mteremko. Tseikuru ni mchanga na miiba. Hapo katikati kuna lami," anaeleza. "Gari ni moja na wheel ni zile zile. Kwa hivyo tairi lazima ijue hizo kazi zote."

Kwa miaka sita ilizijua. Gari lilikuwa na rimu za chuma, nyeusi, na tairi nyembamba za ukuta mrefu wa mpira ubavuni. Hazikuwa na sura ya kupigwa picha. Lakini rimu ikipinda kwenye jiwe, fundi yeyote wa pancha aliinyoosha kwa nyundo, na safari ikaendelea.

Mwezi wa sita mwaka huu, mfanyabiashara mmoja aliyealikwa kanisani kama mgeni wa heshima akaahidi kulipatia gari hilo magurudumu mapya. Kamati ikaambiwa ichague. Wakachagua kwa kutazama picha kwenye simu. Walipenda rimu pana zinazong'aa, zenye tairi za ukuta mfupi zilizoandikwa herufi nyeupe ubavuni na kuchongwa meno ya kutisha pembeni, eti mtindo wa magari ya porini. Dereva hakuulizwa. Rimu za zamani ziliuzwa chuma chakavu wiki hiyo hiyo.

Jumapili iliyofuata gari likawekwa wakfu. Kila gurudumu lilipakwa mafuta na kuombewa, na jalada la tairi ya akiba likaandikwa jina la mfadhili kwa rangi ya dhahabu.

"Hata mimi nilipiga picha nayo!" Kalunde anasema, akicheka mwenyewe. "Ai, gari ilikaa ya harusi. Wiki ya kwanza nilikuwa naosha hizo rimu kuliko uso yangu."

Wiki ya pili alipanda Mbooni, tangi likiwa limejaa maji na kabati limejaa dawa. Kila kona tairi zilikuwa zikikwaruza bodi, kwa sababu zilikuwa pana kuliko nafasi iliyokuwepo. Tena zilikuwa zimetengenezwa kubeba gari dogo la kwenda kazini, si nyumba yenye vitanda na tangi. Alipomweleza mwenyekiti wa kamati, Mzee Kaloki, alijibiwa aendeshe polepole.

Aliendesha polepole mpaka Tseikuru. Pale mtoni, upole haukumsaidia kitu.

Dereva yeyote wa upande ule hujua kwamba mbele ya mchanga unasimama, unapunguza upepo ili tairi ilale na kujitandaza kama mguu wa ngamia. Baadaye unajaza tena. Ila tairi ya ukuta mfupi haina cha kulaza. Kalunde alijaribu kupita na upepo wake wote, magurudumu yakachimba. Alipoupunguza, rimu ikakutana na jiwe lililojificha mchangani, ikapasuka. Rimu ya namna hiyo hainyooshwi kwa nyundo, ikipasuka imekwisha.

Akina mama wa ng'ambo walikuwa wamengoja kliniki tangu asubuhi. Waliposikia gari limezama, walitembea hadi mtoni wakiwa na kamba za kufungia ng'ombe. Huku Ukambani watu wakiitana kwa mwethya, yaani kazi ya kusaidiana, hakuna anayebaki nyumbani akijitazama. Wakafunga kamba. Wakavuta. Wengine walikuwa na watoto mgongoni. Mmoja wao, Kanini, alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Tulienda kuwapima, wakatuvuta," anasema Waithera. "Niliwaambia wenye mimba waachilie kamba. Wapi! Kanini akaniambia, 'Sista, tukingoja wanaume warudi na ng'ombe utalala hapa.' Nilisimama na mashine ya presha mkononi nikaona aibu mpaka nikalia."

Gari lilipotoka, jua lilikuwa limeshuka na akina mama wale walikuwa hoi. Hakuna aliyepimwa. Kalunde alifunga tairi ya akiba, wakageuza, na wale waliokuja kutibiwa wakarudi makwao wakikunja kamba zao.

Mwezi wa nane safari ya Tseikuru ikarukwa. Hapo ndipo Kalunde alipoomba kikao, akaiambia kamati kwamba magurudumu yale yatolewe.

Mzee Kaloki, mwalimu mstaafu na mtu wa kujitolea kweli kweli kanisani, hakuficha msimamo wake tulipoongea naye. "Hizo wheel zimeombewa. Askofu ameziwekea mkono," alisema. "Na huyo mgeni wetu ameahidi mashine ya kuangalia mtoto akiwa tumboni. Leo tuking'oa zawadi yake tuweke chuma nyeusi, kesho atatupatia nini? Hao akina mama watembee kidogo tu, wafike barabarani. Tutawakuta hapo."

Kidogo! Kidogo hicho ni nusu siku ya kutembea juani, na nusu siku nyingine ya kurudi, ukiwa na tumbo mbele au kichanga mgongoni. Aliyeunda gari la kumfuata mgonjwa nyumbani kwake hakukusudia mgonjwa ndiye alifuate. Wala mafuta ya wakfu hayakumwagwa ili rimu ing'ae huku mtu akizalia njiani. Inauma kuandika haya, kwa sababu wanakamati si watu wabaya. Ni watu wazuri waliochagua tairi ya kutazamwa.

Mwishowe kamati ikaamua kwamba gari litajaribu mto mara moja tu, Jumanne ijayo. Likikwama tena, ng'ambo itaondolewa kwenye ratiba. Na jaribio lenyewe lifanyike kwa magurudumu yale yale.

"Sasa hiyo ni kufunga mtu miguu halafu unamwambia akimbie," Kalunde anasema, na leso aliyokuwa akipangusia tairi anaitupa kochini. "Wanataka nikwame ndio waseme ni dereva."

Kanini alijifungua nyumbani, mtoto wa kike. Wamemwita Ndila. Simu hushika mtandao kwao akipanda kilima tu, na kila akipanda humpigia Kalunde. "Mwaitu, mtakuja lini?" huuliza, akimwita mama kwa Kikamba. "Mtoto hajadungwa sindano hata moja."

Baada ya simu ya tatu, Kalunde aliuza mbuzi aliokuwa akiwaweka kwa ajili ya mabati ya nyumba yake. Akaenda duka la tairi mjini Kitui.

"Yule kijana wa kuuza akaniuliza, 'Madam, mzee wako anataka size gani?' Nikamwambia mzee wangu ni mimi." Anacheka, mara hii kwa hasira. "Akanitolea moja kubwa ajabu, meno kama ya jembe. Ati hii ukipita nayo kila mtu anasimama. Nikamwambia watu wasimame wasisimame, mimi nataka gari isisimame."

Aliikataa ile kubwa kwa sababu ingekwaruza bodi kama zile za kanisa, na meno yake yangechimba mchanga badala ya kuupanda. Alitaka ukuta mrefu, lakini usizidi nafasi iliyopo chini ya bodi. Alitaka meno ya wastani, yaume udongo wa Mbooni na yasipige kelele kwenye lami. Aliuliza uzito ambao tairi inaweza kubeba na mwaka iliotengenezwa, akabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Akachukua nne pamoja na rimu za chuma, nyeusi, kama zile zilizouzwa chakavu.

Mzee Kaloki akakataa zifungwe. Gari ni la kanisa, alisema, na dereva hawezi kulivalisha apendavyo.

Ndiyo maana tairi zinalala sebuleni chini ya vitambaa. Ila leo Kalunde hazipangusi kwa ajili ya wageni.

"Kesho nazitoa sadaka," anasema.

Katika kanisa lao, kama makanisa mengi ya huku, asiye na pesa hutoa alicho nacho. Kuku, maboga, galoni ya asali. Mchungaji huviombea, na ibada ikiisha vinanadiwa nje. Sadaka haikataliwi. Lakini ikishafika mnadani, mwenye mfuko mkubwa ndiye mwenye mali, na Kalunde hana mbuzi mwingine wa kuuza. Mtu yeyote mwenye pikapu anaweza kuzichukua tairi zake na kwenda nazo.

"Unaogopa?" anaulizwa.

"Sana," anajibu. "Usiku sijalala."

Jumapili, wakati wa sadaka, kwaya inakatika katikati ya wimbo. Kalunde, ndani ya gauni la buluu la kanisani, anaingia akibingirisha tairi ya kwanza. Waithera anamfuata na ya pili. Mbili za mwisho zinaletwa na akina mama wa Mbooni walioteremka na bodaboda alfajiri. Mchungaji anazitazama, anamtazama Mzee Kaloki, kisha ananyoosha mkono na kuziombea. Na mafuta anapaka.

Nje, juani, Mzee Kaloki ndiye dalali, kama kila Jumapili. Maboga yanakwenda haraka. Kuku anagombaniwa. Kisha anafikia tairi na kutaja bei.

Hakuna mkono unaoinuka.

Anashusha bei. Akina mama wanachungulia vitabu vyao vya nyimbo, ingawa hakuna anayeimba. Anashusha tena. Mbogo, mwenye pikapu ya kubebea vitunguu, anaanza kuinua mkono. Mkewe Gakenia anaushika na kuuteremsha taratibu, kisha anaendelea kuushika.

Mzee Kaloki anawatazama waumini mmoja mmoja. Wengi wao aliwafundisha kusoma. Hakuna anayemkwepa macho. Anavua miwani, anaifuta kwa tai yake, na inamchukua muda.

"Kisichonunuliwa kinabaki cha kanisa," anasema mwishowe, kisha anamgeukia Kalunde. "Mama Mwende, peleka gari kivulini ufunge. Lakini lile jalada la jina tusiliguse."

"Sina shida na jalada, mzee," Kalunde anajibu. "Halikanyagi mchanga."

Anachukua jeki akiwa bado na gauni lake la buluu. Mzee Kaloki anasogea, anasimama bila kujua mikono aiweke wapi, kisha anainama na kumshikia nati.

Hakuna aliyesema lolote kuhusu mbuzi wa Kalunde wala mabati yake. Atazeekea chini ya paa linalovuja ili kosa la wengine lirekebishwe, na watu wataliita jambo hilo baraka. Mwandishi analiita deni.

Mwenyewe hataki kulizungumzia leo. Mawazo yake yako Jumanne. Atasimama kando ya mto, apunguze upepo, avuke bila kugeuka nyuma. Anajua Kanini atakuwa ameshateremka kungoja.

"Nimemwambia kwa simu," anasema, akikaza nati ya mwisho. "Safari hii sitaki kumwona na kamba. Aje na mtoto tu."