Mfarishi wa Mabaki

Watu walimwita Futi, na jina hilo hakulichukia. Lilitokana na futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake mchana kutwa, na zaidi lilitokana na mazoea yake. Ukimletea kitambaa, alikitandaza mezani mbele ya macho yako, akakipima mara mbili, akakutajia urefu wake kwa sauti ili hata wapita njia wasikie. "Kipimo hakina mjomba," alipenda kusema. Wateja walicheka, wakaenda zao wametulia. Ukitaka fundi asiyekuibia, mtaa ulisema, nenda kwa Futi.

Ila kupima ni kazi ya mbele ya watu. Kukata hufanyika mwenyewe ukishaondoka.

Futi alifundishwa kushona na bwana mmoja mkali, ambaye sheria yake ilikuwa fupi: kitambaa ni cha mwenyewe mpaka uzi wa mwisho. Mabaki yote, hata yenye ukubwa wa kiganja, yalikunjwa, yakafungwa kwa utepe wa kitambaa hichohicho, yakawekwa juu ya nguo iliyopigwa pasi. Mama mwenye nguo alikifungua kifurushi hicho nyumbani akapata kiraka cha kiwiko, kilemba cha binti, kanzu ya mwanasesere. Enzi hizo nguo ilikuwa na umri wake. Ilianza gauni la kutokea, ikazeeka ikawa ya jikoni, ikafia mikononi mwa mtu anayefuta meza. Leo nguo hununuliwa Ijumaa ikachakaa kabla mwezi haujaandama, na ukimwuliza kijana mabaki yako wapi, atakuonyesha sufuria.

Bwana alipokufa, Futi aliendelea kurudisha mabaki kwa miaka kadhaa. Kisha yakaja marobota ya mitumba, wateja wakapungua, na waliobaki wakasahau kuuliza. Asiyeulizwa naye husahau. Alianza kwa vipande vya kola. Akaja kwenye vya mifuko. Mwishowe alijifunza sentensi moja nyepesi kama pamba: "Mama, kitambaa kimekataa." Mwenye gauni la marinda akaondoka na gauni jembamba, tena akishukuru, maana kipimo si alikiona kwa macho yake?

Hakuviuza vipande hivyo. Ndiyo ilikuwa nguzo yake aliyoiegemea: mwizi huuza, mimi naweka tu. Viliingia katika gunia chini ya meza ya kukatia, gunia likajaa, likafuata la pili.

Basi mkwewe, mama wa mke wa mwanawe, akaja dukani siku moja, akaketi kwenye kigoda cha wateja bila kukaribishwa.

"Mkwe, binti yangu yuko mwezi wa nane."

"Mungu amsaidie."

"Atamsaidia. Na wewe utasaidia. Mjukuu wetu hafunikwi blanketi la dukani, linalotoa manyoya kama kuku mgonjwa, na babu yake ni fundi. Nataka mfarishi. Wa vipande, wenye pamba katikati, uliotonwa kwa mkono, uzi upenye tabaka zote."

"Nani siku hizi anashona mfarishi, mkwe? Macho yenyewe haya."

"Macho hayo yanaona bao tangu upande wa pili wa barabara."

Angeweza kumkatalia mtu mwingine yeyote. Huyu hakuweza. Mke wa Futi alipolala kitandani kwa ugonjwa wa mwisho, ni mama huyu aliyekuja kila asubuhi, miezi minne, na beseni lake mwenyewe, akamwogesha, akamgeuza ubavu, akamchekesha. Hakuwahi kulitaja jambo hilo, na kutolitaja kwake kulikuwa kuzito kuliko kudai. Futi akakubali kwa mdomo. Moyo ulikuwa umefunga mlango na kukalia ufunguo.

Akachelewesha. Mtoto akazaliwa, wa kike, na mfarishi haujakatwa. Zilipobaki siku tano kabla ya Jumapili ambayo majirani wangekuja kumwona mtoto, alilivuta gunia kwa hasira, akamwaga vipande sakafuni. Kununua kitambaa kipya kwa kazi ya kulazimishwa? Thubutu!

Lakini mikono haina hasira. Ikishika kazi, inaikumbuka. Alikata miraba yenye upana wa kiganja, akapanga nyekundu karibu na kijivu, kijani mbali na kijani mwenzake, na katikati akaweka miraba minne ya buluu yenye mbayuwayu weupe, kwa kuwa hapakuwa na kitambaa kizuri kama hicho katika magunia yote mawili. Akatandaza pamba, akatona kwa mkono, mishono midogo kama punje za mtama. Siku ya tano aliutazama mfarishi wake akajisikia, kwa mara ya kwanza tangu bwana wake afe, kuwa ni fundi.

Hakuona kitu kingine. Hilo ndilo la ajabu, na ndilo la aibu. Miaka mingi ilikuwa imewafuta wenyewe kutoka kwenye vitambaa vyao, na mbele yake zilibaki rangi tu.

Jumapili chumba kilijaa wanawake. Mkwewe aliutandaza mfarishi kitandani, pembe kwa pembe, akamlaza mtoto juu yake. "Tazameni! Kila mshono kwa mkono. Nani kati yenu ana mkwe kama wangu?" Vigelegele vikapigwa. Futi alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akijidai hasikii.

Msusi wa pale kona ndiye aliyeinama wa kwanza. Mdomo wake ulijulikana mtaa mzima.

"Ngojeni kwanza. Hili si gauni langu la zambarau?"

"Lako lipo kwako, mama," Futi akasema.

"Lipo, ndiyo. Basi limezaa! Hongera yangu na mimi, mbona hamkuniambia nilikuwa mjamzito?"

Chumba kikaangua kicheko. Hata Futi alicheka. Kisha muuguzi, jirani wa ukuta kwa ukuta, akagusa mraba wa kijivu. "Na hii ni suruali ya mume wangu. Uliyosema mfuko wa nyuma hautoki." Kicheko kikapungua. Mwingine akapata kola ya shati la mwanawe. Mwingine akapata pindo. Vidole vikawa vinatembea juu ya mfarishi kama watu wanaotafuta majina yao kwenye orodha.

"Hebu hesabuni vipande," sauti ikatoka nyuma. "Siku za mwizi ni arobaini. Naona hapa zimepita."

Safari hii hakucheka mtu. Mkwewe alikuwa ameshika ncha ya mfarishi, hajui aachie au avute. Hakumtazama Futi. Alimtazama mtoto.

Muuza nyanya alikuwa ameketi mwisho kabisa, karibu na miguu ya mtoto. Mjane, si msemaji. Kabla mama huyo hajanyosha mkono, Futi aliikumbuka ile buluu. Ilikuwa zawadi ya mwisho ya marehemu mumewe. Alipoileta dukani alikunja mkono wa sweta yake, akamwonyesha Futi kovu la maji ya moto tangu kiwiko hadi kifundo, akasema taratibu, "Nataka mikono mirefu, fundi. Mengine fanya upendavyo." Na Futi akamjibu, baada ya wiki: kitambaa kimekataa. Tangu hapo alilivaa gauni hilo na sweta juu, jua la saa saba likiwaka.

Mama yule aliweka kiganja juu ya mbayuwayu.

"Kumbe kilitosha," akasema.

Basi. Alikunja pembe ya mfarishi, akafunika miguu ya mtoto iliyokuwa wazi, akainuka akaenda.

"Baba, njoo ukae, chai inapoa," mke wa mwanawe akasema kutoka kitandani, kwa sauti laini. Afadhali angemtukana. Futi aliweka kikombe juu ya kabati, akatoka bila kuaga.

Siku mbili duka halikufunguliwa. Siku ya tatu alipekua gunia la pili hadi chini, akapata kipande cha buluu kilichobaki. Kilitosha mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa kitandani kwa mtoto, umekatwa miraba minne. Akaukata huo mmoja, akaushona, akaupiga pasi, akaufunga kwa utepe wake kama alivyofundishwa, akaupeleka kwenye kibanda cha nyanya.

Mama alifungua, akatazama, akaelewa.

"Mwingine?"

"Uko kwa mtoto. Nikautoe?"

"Umtoe mtoto nguo, fundi? Umefika huko?"

"Sikujua nifanye nini kingine, mama."

"Na mimi nitembee na mkono mmoja, watu waulize mwenzake kaenda wapi?" Alitaka kucheka, uso ukakataa. Akaukunja, akamrudishia. "Kaa nao wewe. Mimi nina sweta."

Akageuka kupanga nyanya zake, kubwa mbele, ndogo nyuma, na Futi akabaki amesimama hadi mteja alipomwomba apishe.

Mfarishi haukutupwa. Ulikuwa na joto, na mtoto aliupenda. Kila ulipofuliwa ulianikwa kwenye kamba ya nje, uso wake ukielekea barabarani, na njia ya Futi kwenda dukani ilikuwa hiyo moja. Aliwaza kuzunguka kwa nyuma. Hakuzunguka. Alipita akiutazama, na baada ya muda aliweza kumtaja mwenye kila mraba, safu kwa safu.

Wateja walikatika karibu miezi miwili. Wa kwanza kurudi alikuwa msusi, na kitambaa cha njano kwapani.

"Usifurahi. Nimekuja kwa sababu fundi wa kule juu ananishonea kama ananifungia mzigo."

"Karibu, mama." Futi akakitandaza kitambaa mezani, akaanza kuvuta futi kutoka shingoni.

"Hapana," msusi akasema. Akanyosha mkono. "Leta hapa."

Futi aliivua, akampa. Msusi aliweka ncha moja kwenye pindo, akamwonyesha kwa kidevu ashikilie, akaenda na nyingine hadi mwisho wa meza, akiinama kusoma namba kama mtoto wa darasa la kwanza. Akapima tena. Akaandika kwa kalamu kwenye kiganja chake.

"Na nitakaa hapa," akasema, akivuta kigoda, "mpaka ukate."

Futi akachukua mkasi.