Kiganja cha Fundi wa Kagongwa

Kagongwa, kwenye karakana ya kuchomelea, nilimkuta mchimbaji wa dhahabu wa Mwakitolyo na Subaru yake isiyo na tabo, yaani turbo. Fundi ni mzee kiziwi. Baruti za mgodini zilimmaliza masikio. Basi mchimbaji akamwandikia kwa kidole kwenye vumbi la boneti: "Bomba inchi 3. Bila sailensa."

Fundi akaashiria gari liwashwe, akaweka kiganja nyuma ya bomba la moshi, akafumba macho. Sisi wenye masikio tulisikia kelele tu. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye injini, akakandamiza waya wa plagi uliolegea. Mngurumo ukatulia palepale.

"Kwa hii inatosha inchi mbili na nusu," akasema kwa sauti ya juu ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. "Tatu itapiga kelele, haitavuta. Na sailensa naweka."

Mchimbaji akaandika tena: "Nataka isikike mpaka Ushirombo!"

Fundi akayagusa masikio yake. "Haya yalichukuliwa na baruti, ng'wanawane, mwanangu. Wewe ya kwako unayaleta mwenyewe yachukuliwe?"

Mchimbaji akafuta maandishi kwa kiwiko.

Nami, ninayejidai kusikiliza watu kila wiki ili niandike habari zao, nilirudi nyumbani nikikitazama kiganja changu.